Kasa wa Juani na popo wa Chole: ziara mbili za Mafia zikipimwa bega kwa bega

Mgeni anayefikia Utende, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mafia, hapiti siku mbili bila kuuziwa safari mbili. Ya kwanza ni ya Juani, kuona vifaranga wa kasa wakitoka kiotani. Ya pili ni ya Chole, kuona popo wakubwa wa matunda wanaolala mchana kwenye miti mirefu ya kisiwa hicho. Visiwa vyote viwili viko ndani ya Ghuba ya Chole, na kutoka ufukwe wa Utende unaviona kwa macho. Kwa sababu ya ukaribu huo, waendesha boti wengi huziunganisha safari hizi ziwe mchana mmoja, boti moja, bei moja.

Hatushauri kuzichukua hivyo bila kwanza kusoma maji, yaani saa za kujaa na kupwa. Kasa na popo wana saa tofauti, na wanadai mwenendo tofauti kutoka kwa mtu anayewatazama. Huduma zenyewe nazo hazilingani. Ya kasa ni ya bahati nasibu lakini imepangwa vizuri. Ya popo karibu haikosi wanyama, ila imeachwa ijiendeshe.

Tuanze na Juani, kwa kuwa ndiyo yenye mambo mengi.

Kasa anayetaga zaidi Mafia ni kasa wa kawaida, Chelonia mydas, yule anayekula majani ya bahari akiwa mkubwa. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, pia hutaga, lakini kwa uchache. Fukwe za kutagia Juani ziko upande wa mashariki, unaotazama bahari kuu. Hii ina maana kwamba boti inakushusha upande wa ghuba, kisha unavuka kisiwa kwa miguu kwa muda wa kama nusu saa. Njia inapita vichakani na juu ya mwamba wa matumbawe wa zamani wenye ncha kali. Kandambili hazifai kabisa. Vaa viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli ngumu, na uwe tayari kuvilowesha wakati wa kushuka. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa mtu mzima si mengi.

Kazi ya ulinzi wa viota hufanywa na wanakijiji wanaosimamiwa na Sea Sense, shirika la Kitanzania linaloshughulika na kasa na nguva tangu 2001. Wanatembea ufukweni alfajiri, wanasoma nyayo na kuandika tarehe ya kila kiota. Nyayo zenyewe zinaeleza aliyepita: kasa wa kawaida husukuma makasia yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo alama za kulia na kushoto hukaa sambamba, ng'amba hupishanisha, na alama zake hukaa kwa zamu. Kiota kilichowekwa chini ya mstari wa maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa kupita siku nyingine, huhamishwa juu, na uhamisho huo una masharti makali. Unatakiwa ufanyike ndani ya saa chache tu baada ya mayai kutagwa, na yai lisigeuzwe. Kiini cha kifaranga hujishikiza upande wa juu wa ganda mapema sana, na yai likibingirishwa baada ya hapo kifaranga hufa kimyakimya, hata kama ganda halina ufa. Shimo jipya lazima lifanane na la mama kwa umbo na kina, jembamba juu na pana chini. Ukimwona mtu yeyote akibeba mayai kwenye ndoo mchana wa jua na kukwambia anayaokoa, hapo pana tatizo.

Tarehe hizo ndizo zinazoifanya ziara iwezekane. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 65 hivi, kutegemea joto. Kwa hiyo mlinzi mwenye daftari anaweza kukwambia kwamba kiota fulani kinatarajiwa wiki hii, lakini hawezi kukuahidi Jumanne. Msimu wa wageni ni katikati ya mwaka, kuanzia Mei au Juni hadi Septemba. Anayekuja Desemba akauziwa safari ya vifaranga anapaswa kuomba aelezwe ni kiota kipi na kilitagwa lini. Jibu likikosa tarehe, funga mkoba wako.

Ushauri wa muhimu kuliko yote kwa ziara hii: jiandikishe siku ya kwanza unayofika na uache namba ya simu, hata kama unapanga kwenda siku ya nne. Kiota kikianza kuonyesha dalili, yaani mchanga wa juu ukididimia na kufanya kibonyeo, nafasi ya kupiga simu ni ya saa chache. Mwenye usiku mmoja tu Mafia asiiweke kasa kuwa sababu ya safari yake.

Nini hasa unaona? Hapa wauzaji hawasemi ukweli wote, na ndipo malalamiko mengi ya wageni huanzia. Vifaranga kwa kawaida hutoka usiku, mchanga ukipoa. Safari ya alasiri mara nyingi inakukutanisha na waliobaki: kiota kimeshatoa kundi kubwa, kisha mlinzi anakifukua kwa mikono ili kuhesabu na kuwatoa walionaswa chini. Unaweza kuona vifaranga watano, unaweza kuona sitini. Kila mmoja ana urefu wa takriban sentimeta 5 na uzito wa gramu 25 hivi, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Kwa maoni yetu ufukuaji huu si zawadi ya kufutia machozi. Ni sehemu bora ya ziara, ikiwa mlinzi anaeleza anachofanya. Maganda matupu huwekwa fungu moja, mayai yasiyoanguliwa fungu la pili, waliokufa la tatu. Ganda huhesabiwa kuwa moja likiwa limebaki zaidi ya nusu. Vipande vidogo havihesabiwi, la sivyo hesabu ingevimba. Ukigawa maganda matupu kwa mayai yote unapata kiwango cha uanguaji: maganda 96 katika mayai 120 ni asilimia 80. Mlinzi anayekuachia ufuatilie hesabu hiyo kwenye daftari amekupa thamani ya pesa yako.

Kuhusu mwenendo ufukweni, sheria zenyewe ni chache, ila kila moja ina sababu na ni vizuri ukaijua. Usisimame kati ya kiota na maji. Kaa nyuma ya kiota au pembeni, kwa kuwa kifaranga huelekea upande ulio na mwanga wa chini wa upeo wa bahari, na kivuli chako kinamgeuza. Nyayo zako za kina humfanyia mashimo. Kundi lililopangwa vizuri husawazisha njia ya upana wa mita mbili hivi kwa mikono kabla vifaranga hawajaachiwa. Usimnyanyue ili umfikishe majini haraka. Ametoka na akiba ya kiini tumboni inayomtosha kutambaa na kisha kuogelea mfululizo takriban siku nzima ya kwanza hadi maji ya kina, na kutambaa huko ni sehemu ya safari aliyoumbiwa. Flashi ya simu izimwe kabla hujashuka botini, si baada ya picha ya kwanza.

Walinzi wa Juani, kwa ujumla, wanasimamia haya. Kinachoharibika ni idadi ya watu. Boti tatu zikifika kwa pamoja, wageni arobaini hujipanga kama wanaotazama mpira, na mlinzi mmoja hawezi kuwatuliza. Uliza kabla ya kulipa ni boti ngapi zinakwenda kiota hichohicho. Zaidi ya mbili, subiri.

Sasa Chole.

Popo wa hapa ni Pteropus seychellensis wa aina ya Komoro, na Mafia ndipo anapopatikana nje ya Komoro. Si yule popo mdogo wa darini. Mabawa yakifunguka hupita mita moja, uso una pua ndefu na macho makubwa, manyoya ya mabega yana rangi ya kahawia inayong'aa jua likimpiga. Hatumii mwangwi kujiongoza hata kidogo. Anaona na kunusa. Mwongozaji anayekwambia kwamba popo hawa ni vipofu mchana hajawahi kuwatazama kwa makini, kwani ukikaribia mti utaona vichwa vikigeuka kukufuata.

Mwaka mzima wapo. Kundi linaweza kuhama kutoka mti mmoja hadi mwingine, lakini kisiwa ni kidogo na kelele zao zinakuelekeza. Kutoka Utende ni dakika 10 hadi 15 za boti, kisha mwendo mfupi wa miguu chini ya miembe na mibuyu, kando ya magofu ya karne ya 19. Hakuna daftari, hakuna simu ya kusubiri, hakuna bahati nasibu. Kwa mtu mwenye nafasi ndogo, hii ndiyo ziara ya kuchagua, na tunasema hivyo tukijua kwamba wengi huja Mafia wakiwa na kasa kichwani.

Saa ni mbili tu za maana. Ya kwanza ni asubuhi kati ya saa 2 na saa 4, popo wakiwa wamerudi na bado wanagombania matawi, wanajilamba, wananing'inia kwa mguu mmoja na kujipepea kwa bawa. Ya pili ni machweo, ambayo Mafia huangukia kati ya saa 12 na robo na saa 12 na nusu hivi jioni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Fika nusu saa kabla. Wanaanza kutoka mmojammoja, kisha anga hujaa. Baadhi huruka chini juu ya ghuba na kugusisha kifua kwenye maji ya chumvi kabla ya kupanda tena; ukitaka kuliona hilo, kaa ufukweni na si chini ya mti. Saa sita mchana hakuna cha kuona isipokuwa mafungu meusi yaliyojifunika, na ndiyo saa ambayo ziara zilizounganishwa hukufikisha hapo.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa la huduma hii. Mgeni amefika saa mbaya, popo wamelala, mwongozaji anaona aibu, anapiga makofi au kutupa kijiti ili waruke wapigwe picha. Wageni hushangilia. Kwa popo ni hasara ya kweli, na ukubwa wake unaonekana ukiwaweka wanyama hawa wawili pamoja.

Kasa jike huchukua miaka 20 au zaidi kufikia kutaga. Akifika, hutaga mara 3 hadi 5 kwa msimu, kila kiota na mayai 110 hivi, anafukia na kuondoka asirudi kuangalia. Kisha hupumzika miaka 2 hadi 4 kabla ya msimu mwingine. Mtindo wake ni wingi: wengi mno hufa utotoni, na kiota kimoja kikichukuliwa na mawimbi, vingine vyake bado vipo. Popo hana wingi huo. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Wiki za mwanzo humbeba kifuani hata akiruka, baadaye humwacha mtini usiku na kumrudia. Popo wakifurumushwa ghafla mchana, mtoto asiyeshika vizuri huanguka, na mtoto huyo alikuwa mwaka mzima wa mama. Wakubwa nao hupoteza maji na nguvu kwenye joto ambalo walikuwa wanalikwepa kwa kutulia. Likirudiwa kila wiki, kundi huhama, na kijiji kinapoteza kivutio chake.

Kwa hiyo tofauti ya adabu ni hii: kwa kasa unalinda mchanga, njia na giza, kwa popo unalinda usingizi. Mtu anaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida mita ishirini kutoka kwenye kiota asimdhuru kifaranga. Sauti hiyohiyo chini ya mti wa popo inaamsha tawi zima. Darubini ya 8x42 ndiyo kifaa sahihi kwa Chole. Kwa kamera, lenzi ya milimita 300 au zaidi, ukisimama mbali na shina badala ya chini yake. Kusimama mbali kuna faida nyingine iliyo wazi, kwani chini ya matawi kinyesi na makapi ya matunda hudondoka muda wote. Vaa kofia, na usile kitu hapo. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu kwa vyovyote, hata akionekana mtoto mdogo; popo huweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na kuumwa au kukwaruzwa kunataka kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Mwongozaji wa popo asiyelisema hili mwanzoni hajafanya kazi yake.

Tuseme pia lililo zuri. Waongozaji wazuri wa Chole wapo, na wanachoeleza ni kikubwa. Wanakuonyesha makapi makavu ya matunda chini na kueleza kwamba popo hutafuna, hunywa juisi na kutema nyuzi, huku mbegu ndogo kama za mkuyu zikipita tumboni na kudondoka mbali na mti mama. Wanakuonyesha maua ya mbuyu, yanayofunguka usiku kwa ajili ya wachavushaji wa usiku, popo wa matunda wakiwa miongoni mwao. Ukiambatana na mtu wa namna hiyo, saa moja haitoshi.

Njia rahisi ya kumpima mwongozaji kabla ya kukubaliana bei ni kumuuliza maswali mawili matatu. Wa kasa, muulize kwa nini kasa anayetaga hutoa machozi. Akisema ni uchungu wa uzazi, mshukuru na utafute mwingine. Ni tezi za chumvi karibu na macho, zinazotoa chumvi ya ziada akiwa majini na nchi kavu vilevile. Muulize pia kiota kilicho kivulini kitatoa nini zaidi. Jibu ni madume, kwa kuwa joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: chini ya takriban nyuzi 29 madume huzidi, juu yake majike huzidi. Anayejua hilo atakueleza mwenyewe kwa nini miti ya ukingo wa ufukwe haipaswi kukatwa. Na muulize kuhusu kula nyama ya kasa. Kuna sheria, ndiyo, na kasa wa baharini wamo kwenye Jedwali la I, lenye masharti makali zaidi, la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wakati popo wa jamii ya Pteropus kwa jumla wako Jedwali la II. Lakini sababu inayoeleweka haraka zaidi ni sumu: Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mwongozaji wa pwani anayeijua habari hii na kuieleza kwa uzito unaostahili anastahili bakshishi.

Malipo. Ghuba yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ada ya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, kwa viwango tofauti vya raia, wakazi na wageni wa nje. Juu ya hiyo kuna boti, na kwa Juani kuna mchango wa kuona kiota, ambao sehemu yake hurudi kijijini. Taka risiti ya kila kimoja peke yake. Bei moja ya jumla isiyochanganuliwa huficha jambo moja kati ya mawili: ada ya hifadhi umeilipa mara mbili, kwa kuwa ulishailipa ulipoingia Utende, au mchango wa kasa haukufika kwa wanaoamka alfajiri. Chole haina mpangilio unaofanana na huo wa kiota, na tunadhani ndiyo maana huduma yake inayumba. Panapokuwa na daftari, tarehe na malipo kwa kazi inayoonekana, mtu hulinda. Hesabu ya jioni ya popo wanaotoka, ikifanywa na vijana wa kijiji kwa mpangilio na mgeni akaruhusiwa kushiriki, ingeipa ziara hii uti wa mgongo inaoukosa.

Tukipima huduma na si wanyama: Juani nyota 4 kati ya 5, moja ikipunguzwa kwa msongamano wa boti na kwa wauzaji wasiosema kwamba mara nyingi unachokwenda kuona ni ufukuaji. Chole asubuhi au machweo, ukiwa na mwongozaji mzuri, nyota 4. Chole ya saa sita mchana yenye makofi, nyota moja.

Anayetaka zote mbili kwa siku moja bado anaweza, akipanga kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji Mafia hujaa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Siku hizo ondoka Utende saa 7 mchana na maji yakipanda, shuka Juani bila kukanyaga matope ya mikoko, maliza ufukweni kabla ya saa 11, kisha pitia Chole kwa machweo. Toka Chole ifikapo saa 1 kasorobo. Ukichelewa, maji ya bamvua hukimbia haraka na boti itakwama mchangani. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yakijaa kidogo, mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 jioni, hivyo safari ya alasiri Juani inakushusha mbali na ufukwe. Wakati huo zitenganishe, Chole asubuhi ya siku moja na Juani siku ambayo simu ya mlinzi itaita.